Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni iliyoniuzia baiskeli ya mbio

Kwa wakurugenzi na meneja wa huduma kwa wateja.
Nakala: Tume ya Ushindani.

Ndugu zangu,

Nawasalimu kutoka Tanga. Jina la kampuni yenu sitalitaja, kwa kuwa bado naamini jambo hili linaweza kwisha bila kuchafuana, na nyinyi mkisoma mtajijua. Wasomaji wengine mnivumilie kwa habari za nati na beringi. Shauri lenyewe limekaa humo humo, na nikiziruka nitaonekana mlalamishi tu.

Baiskeli mliyoniuzia inalia. Hailii ikiwa imetundikwa kwenye stendi na mtu anazungusha pedali kwa mkono. Hailii nikienda mdogo mdogo kwenye barabara za Ngamiani nikikwepa bajaji. Inaanza nikishakaza mguu: natoka Pongwe kurudi mjini, kusi inavuma, nabonyeza pedali kwa nguvu, na kila mguu wa kulia ukishuka, tak. Ukishuka tena, tak. Nikiendelea hivyo, na mguu wa kushoto nao unaanza kujibu. Wenzangu tunaotoka nao alfajiri kuelekea Raskazone wananisikia kabla hawajaniona.

Sisi watu wa Tanga hatukuanza kupanda baiskeli jana. Mji wetu ni tambarare, na wanawake wa hapa wanaendesha kwenda sokoni, shambani na kazini, hakuna anayegeuka kuwatazama. Nimekulia nyuma ya karia ya Phoenix ya baba. Zile nazo zilikuwa na kelele zake. Kotapini, ile pini inayoshika krenki, yaani mkono wa pedali, ikilegea, krenki inacheza, inagonga kila mzunguko. Unakwenda kwa fundi, anachonga pini nyingine kwa tupa, anaigongea kwa nyundo, anakaza nati, unalipa unaondoka. Hakuna aliyekupa karatasi ya dhamana na hakuna aliyeihitaji. Nayaeleza haya kwa sababu kijana wenu wa kaunta aliponisikiliza kwa mara ya kwanza alinijibu, “Dada, labda hujazizoea hizi za gia nyingi, zina sauti zake.” Kijana huyo simlaumu sana, kafundishwa hivyo. Ila kwa bei mliyonitoza ningepata pikipiki mpya na chenji ikabaki, na mtu akiuza kitu kwa bei ya pikipiki asimwambie mnunuzi azoee.

Niwaeleze tulivyotafuta, maana nyinyi hamkutafuta.

Fundi wangu ni mzee wa Ngamiani, kazi yake iko chini ya mwarobaini, na kabla hajashika spana aliniambia, “Mwanangu, kelele ya baiskeli ni rongo. Inakwambia iko hapa, kumbe iko kule.” Ana haki. Fremu ya kaboni ni mabomba matupu, sauti inasafiri ndani yake inavyotaka, na bolti ya siti iliyolegea unaweza kuapa kwamba inalia miguuni. Kwa hiyo alikwenda kwa kuondoa kimoja kimoja. Aliniambia nipande nimesimama bila kugusa siti. Ikalia vile vile, basi siti na nguzo yake zikatoka kwenye kesi. Tukaazima gurudumu la nyuma la rafiki yangu. Ikalia, basi si habu, kile kitovu cha gurudumu, wala si meno ya nyuma. Tukabadili pedali, tukapaka grisi kwenye thiredi zake, ile mizunguko ya skrubu, ikalia. Akakaza bolti za sproketi za mbele. Akafungua kile kipande kidogo kinachoshika gia ya nyuma, akakisafisha na kukirudisha. Bolti za usukani zikakazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, nyutoni mita 5 kama ilivyoandikwa kwenye chuma chenyewe. Mzee alikuwa hajawahi kuishika spana ya namna hiyo na aliipenda. Aliigeuza geuza huku akiuliza bei yake, na nilipomtajia akairudisha mezani taratibu.

Mwisho akaniambia nisimame kando ya baiskeli, nikamate breki zote mbili, niweke mguu mmoja juu ya pedali niikandamize. Tak. Yeye alikuwa amepiga magoti, kiganja chake kiko chini ya pale krenki inapopita kwenye fremu. Akanishika mkono akauweka pale pale, akaikandamiza mwenyewe. Niliihisi kabla ya kuisikia: kitu kinagonga ndani, kidogo sana, kama kinahama na kurudi.

Tukaitoa krenki. Ekseli yake ni ya chuma, tupu ndani, kipenyo milimita 24, haina mkwaruzo hata mmoja. Pembeni mwa fremu kuna vikombe viwili vya plastiki ngumu vilivyobeba beringi, kila kimoja kimeshindiliwa kwenye tundu la milimita 41. Kwa kawaida vikombe hivi havitoki kwa huruma. Unaingiza chombo chake maalumu, unapiga nyundo, na unatokwa jasho. Cha kushoto kilitutoa jasho. Cha kulia kilitoka kwa kugongwa na kipini cha bisibisi. Upande wake wa chini kulikuwa na alama inayong'aa, umbo la mwezi mchanga, pale plastiki iliposuguliwa na fremu mpaka ikalainika, na ndani ya tundu kulikuwa na vumbi jeusi lililobaki kwenye kidole changu. Mzee hakusema kitu. Alikirudisha kikombe tunduni kwa kidole gumba, bila nyundo, kikaingia. Akanitazama.

Picha za vitu vyote hivi ninazo na niliwatumia.

Sasa, kwa wasiofahamu: zamani kikombe cha krenki kilikuwa cha chuma, kina thiredi, na kinafungwa kwenye fremu kama nati. Cha kulia kilifungwa kinyume, ili mwendo wa krenki usikilegeze. Watengenezaji walipoingia kwenye kaboni wengi wao walitaka kuachana na kile chuma chenye thiredi. Ukiacha tundu tupu na kushindilia beringi kwa presi, unapunguza uzito, unafupisha kazi kiwandani, na bomba la chini unaweza kulipanua hadi ukingoni. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Lakini lina sharti moja lisilosamehe. Tundu liwe duara kweli, liwe na kipimo chake, na matundu mawili ya kulia na kushoto yatazamane sawasawa. Vipimo vya kazi hii ni vya sehemu za mia za milimita. Likipitiliza kidogo, kikombe kinapata nafasi ya kucheza kila mguu unaposhuka, na hakuna grisi itakayokishika. Grisi itanyamazisha kelele kwa muda, ikishasukumwa nje na maji, mnarudi pale pale.

Na huu si uzushi wa fundi wa chini ya mwarobaini. Watengenezaji wakubwa wenyewe wamelijua. Specialized walipotoa baiskeli yao ya Tarmac SL7 mwaka 2020 walirudi kwenye vikombe vya thiredi, na Trek nao wametumia thiredi pana ya T47 kwenye Émonda na Domane. Baiskeli ghali, za watu wanaohesabu kila gramu, zimerudi kwenye nati. Mnaouza baiskeli kwa kazi lazima mnayajua haya kuliko mimi muuguzi.

Tuje kwenye majibu yenu, kwa sababu yako mengi na hayapatani.

Kwanza mliisafisha, mkapaka grisi, mkaniambia imepona. Ilinyamaza hadi ilipopata mvua ya kwanza. Nikairudisha, mkaandika “imekaguliwa, tatizo halikuonekana.” Nilipouliza imekaguliwaje, nikaambiwa iliwekwa kwenye stendi na pedali zikazungushwa. Ndugu zangu, hitilafu hii inatokea mtu akiwa juu yake anakanyaga kwa uzito wake wote. Mkiizungusha hewani kwa mkono mnakagua nini? Mgonjwa akiniambia kifua kinambana akipanda ngazi, simlazi kitandani nikampima amelala nikamwambia yuko salama. Ninampandisha ngazi.

Kisha mkasema beringi zimekwisha, na beringi ni kitu cha kuchakaa, dhamana haihusiki, nilipe. Nikalipa. Hapa ndipo ninapowalaumu kwelikweli, kuliko pengine pote. Beringi haikufa kwa uzee. Baiskeli ilikuwa bado mpya. Ikiwa kimekufa kitu kilichopaswa kuishi, aliye fundi anauliza kilichokiua. Tundu lisilo sawa huipindisha beringi, beringi inakufa, nanyi mnaniuzia nyingine niiweke kwenye tundu lile lile. Kwa utaratibu huo fremu yenye dhamana haitaguswa kamwe, maana kila mara atakayelaumiwa ni kifaa kisicho na dhamana. Sijui kama mmeupanga hivyo kwa makusudi. Ila unafanya kazi vizuri sana kwa upande wenu.

Baada ya hapo likaja la chumvi. Meneja mmoja aliniandikia kwamba mimi naishi pwani na hewa ya bahari inakula vifaa. Duka lenu liko Dar es Salaam. Nilidhani bahari ya huko mmeshaiona. Na kama baiskeli hizi hazifai kwa pwani, ilipaswa kuandikwa kwenye tangazo lenu la mauzo, siyo kwenye barua ya kukataa dhamana.

Nilipowatumia picha za kikombe ndipo likatoka jibu la mwisho, kwamba baiskeli imefunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, kwa hiyo dhamana imekufa. Nikauliza, fundi aliyeidhinishwa Tanga ni nani? Hakuna. Muheza? Hakuna. Mkoa mzima, kutoka Pangani hadi Lushoto, hakuna. Mnataka nipande basi stendi ya Kange na baiskeli iwe ndani ya boksi lake la asili, boksi ambalo nyinyi wenyewe mlilichana dukani mlipokuwa mnaifunga, kilomita kama 350, nauli yangu na ya mzigo, ili mkaizungushe tena kwenye stendi. Na muda wote baiskeli ikiwa kwenu, tarehe ya dhamana inaendelea kuhesabiwa. Mzee wangu wa Ngamiani hakuvunja kitu wala hakukata kitu. Alitoa vikombe, akavitazama, akaviwekea alama. Kama kutazama kunaua dhamana, semeni wazi wakati wa kuuza.

Tangu hapo ni “tunasubiri kiwanda kijibu.”

Mimi sikununua kwa kiwanda. Nilinunua kwenu, na risiti ya EFD ina jina lenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile Sura ya 214, inamweka muuzaji na mnunuzi uso kwa uso: mtu anayeuza bidhaa za aina fulani kama biashara yake anabeba wajibu kwamba bidhaa ni ya ubora unaouzika. Mnavyomalizana na kiwanda ni mambo yenu ya ndani. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu kuwepo kwa dhamana au haki zinazotokana nayo. Sisemi mmenipotosha. Nasema karatasi inayosema fremu ina dhamana, halafu kila mlango wa kuifikia umefungwa, inakaribia huko.

Liko jambo la usalama pia, na linanisumbua kuliko fedha. Mlio unaotoka chini ya mzigo kwenye fremu ya kaboni huenda ni kikombe kinachocheza. Nafikiri ni hicho. Lakini huenda pia ni ufa, au gundi iliyoachia pale mabomba yanapokutana, na ufa wa kaboni hauonekani kila mara kwa macho. Fremu hupimwa kwa kukandamizwa maelfu ya mara kabla ya aina hiyo kuingia sokoni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kipo kwa ajili ya mambo haya. Ya kwangu tangu ilie hakuna mtu wenu aliyeimulika hata kwa tochi. Wenzangu wakienda Lushoto kupanda milima, mimi siendi. Kupanda si tatizo, tatizo ni kushuka: kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Barabara ile siwezi kuishuka nikiwa juu ya kitu kinachogonga na kampuni iliyoniuzia haijui kwa nini kinagonga.

Ninachotaka hakizidi uwezo wenu. Fundi wenu aje Tanga, au mnilipie usafirishaji wa kwenda na kurudi. Akija, aipande. Kama ni mwepesi mno, atafute mtu mzito amkandamizie pedali. Kisha matundu yote mawili yapimwe kwa kalipa ya ndani, kile chombo cha kupimia upana wa tundu, kila moja kwa pande tatu, na vipimo viandikwe kwenye karatasi yenye mhuri nipewe nakala. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa. Vipimo vikiwa sawa, nitaomba radhi hapa hapa nilipowaandikia na nitalipia safari ya fundi. Visipokuwa sawa, nataka fremu nyingine.

Na kama fremu nyingine haipo, sitawakwamisha. Ipo njia ya kati. Kuna vikombe vya chuma ambavyo cha kulia na cha kushoto vinafungana chenyewe kwa chenyewe kwa thiredi katikati ya fremu, vikakamatana, hata tundu likiwa limepitiliza kidogo. Kuna pia gundi maalumu ya kushikia beringi, ingawa hiyo siipendi sana kwa sababu anayekuja kuifungua baadaye ataapa. Niko tayari kupokea vikombe hivyo kwa gharama yenu, mradi mniandikie kwamba dhamana ya fremu inabaki hai, na kwamba muda wote baiskeli ilipokuwa imekaa kwenu unaongezwa nyuma yake. Bila maandishi sipokei. Nimeshaambiwa mengi kwa mdomo.

Kwenu Tume ya Ushindani, sina la kulalamika juu yenu. Nakala hii ni ombi. Baiskeli za bei hii zinazidi kuingia mikoani, na wanunuzi ni walimu, wauguzi, vijana wa bandarini, watu wanaodunduliza. Kitabu cha dhamana nilichopewa kina lugha kadhaa na Kiswahili hakimo. Yalazimisheni makampuni yaandike dhamana kwa Kiswahili, yataje waziwazi fundi wao yuko mkoa gani, na pale ambapo hawana fundi wasiruhusiwe kumwadhibu mteja kwa kumwita fundi aliyepo. Dhamana ikikataliwa, sababu iandikwe, na aliyeandika aweke jina lake. Kama haya yamo tayari kwenye kanuni zenu, basi tusaidieni kuyabandika dukani, karibu na bei, mtu ayasome kabla ya kutoa fedha.

Kwa sasa baiskeli iko kwa fundi Ngamiani, imefunguliwa krenki. Vikombe vyote viwili viko kwenye kopo, vimeandikwa K (kulia) na S (kushoto) kwa kalamu ya wino mzito, na tundu la kulia tumelifunika kwa plasta vumbi lisiingie wala alama ya msuguano isifutike. Hatutafunga kitu mpaka mje au mjibu. Namba yangu ya simu mnayo kwenye faili. Mkija siku ya kazi, njooni baada ya saa tisa alasiri. Zamu yangu huwa imekwisha, na mzee naye atakuwa ameshatoka kuswali.

Wenu,
Mteja wenu wa Tanga